Dominika Kwenye Banio la Mfongo

Basili ni kaka yangu, tumbo moja, kwa hiyo sihitaji ruhusa ya mtu kumdharau. Wengine hapa Kilema walimdharau kimyakimya huku wakimwinamia, kwa sababu ndiye aliyekuwa mkuu wa mfongo wetu, ule mfereji wa maji ya mashamba, mwenye kupanga nani amwagilie asubuhi na nani jioni. Mimi nilimwambia usoni. Alikuwa na kofia aliyoinunua kwa askari mmoja aliyerudi kutoka Burma vita vilipokwisha, na tangu siku aliyoivaa aliamini kwamba kichwa kilichokuwa ndani yake kimeongezeka akili. Kofia yenyewe ilikuwa kubwa mno. Ilimfunika masikio, na labda ndiyo sababu hakusikia mengi yaliyosemwa nyumbani mwake.

Lakini sikukaa hapa kusimulia habari za Basili. Huyo atajiingiza mwenyewe, hajawahi kungoja kualikwa. Nataka kumsimulia mkewe, wifi yangu Dominika, ambaye watu wakimtaja husema tu "yule mama aliyeharibu mfongo," kisha wanageukia mazungumzo mengine.

Dominika alitoka Kirua Vunjo. Aliletwa kwetu msichana mwembamba, asiye na maneno. Akisikia mzaha alicheka wakati wenzake wameshamaliza kucheka, basi wake za ukoo wetu wakakata shauri kwamba ni mjinga. Na hao wake wa ukoo, ukiwakamua wote pamoja, hupati akili ya kujaza kikombe cha kahawa. Alizaa, akalea, akapalilia mibuni ambayo hakuulizwa mavuno yake yaende wapi, na karibu kila siku alishuka tambarare na mundu kukata majani ya ng'ombe, kisha akaupanda mlima na mzigo kichwani. Ng'ombe wetu hula na kulala ndani ya nyumba. Wanaume wa wakati ule walijua kila kitu juu ya ng'ombe, isipokuwa anakula nini na nani amekileta.

Mwanawe wa katikati aliitwa Wenseslaus. Alikuwa na miaka kama kumi na mitano hivi, anasoma misheni, mrefu kama mgomba uliokosa nafasi. Kila alipokuwepo yeye alikuwepo na Sirili, mtoto wa marehemu kaka yetu mkubwa. Mama yake Sirili ni Hilaria, mjane, ambaye kihamba chake, shamba lenye nyumba yake, kinapakana na cha Basili. Vijana hao walikula popote walipokuta chungu kimeiva. Ilikuwa kawaida Dominika kukuta mtori wake umekombwa, na Hilaria kukuta wake umekombwa vilevile, na kila mmoja kumlaumu mtoto wa mwenzake.

Masika yale yalibomoa banio, mahali pale juu kando ya korongo ambapo maji ya mto hugeuzwa kuingia mfongoni. Wanaume wakaitwa kulijenga upya, na vijana wakapangiwa zamu ya kusimama chini majini kupokea mawe. Siku ya zamu ya Wenseslaus, mguu wake ulikuwa umevimba kwa funza. Sirili akaenda badala yake. Ukingo uliolowa ukaporomoka, ukamfunika. Walipomtoa alikuwa ameshakufa.

Tulimzika mgombani kwa Hilaria. Wenseslaus hakulia. Wazee wakamsifu kwamba amekomaa, na kaka yangu akapokea sifa hizo kana kwamba ni yeye aliyezitengeneza. Baada ya mazishi kijana alilala, na ni kama hakuamka tena. Hakwenda shule, hakuoga. Alikaa upande wa ng'ombe, penye giza, akitazama ukuta. Ukimpa chakula alikishika mpaka kikapoa. Nilipoingia alisema "Shikamoo, shangazi," kwa sauti ya mtu anayeongea kutoka ndani ya pipa, kisha basi. Kwa Hilaria hakukanyaga. Watu walisema Hilaria hataki kumwona. Hakuna aliyekwenda kumuuliza Hilaria kama ni kweli; kwetu ukishapata neno tamu la kusema, kuuliza ni kulipunguza utamu.

Basili akasema ni uvivu. Alichukua fimbo akamchapa, na kijana hakuinua hata mkono kujikinga. Mtu mwenye akili akimpiga mtoto asijikinge, anaogopa. Kaka yangu alichoka mkono, akatoka nje, akasema dawa imeanza kuingia.

Dawa ilipokataa kuingia, akaitwa baba yetu mdogo, mzee Efraimu. Huyo Jumapili huketi benchi la mbele kanisani, na siku nyingine zote ni rafiki wa mizimu. Alimtazama kijana kutoka mlangoni, maana hakutaka kuchafua viatu, akasema babu zetu wana kiu. Mbuzi akachinjwa. Mizimu ikapewa damu kidogo na harufu, wazee wakabakiwa na ile kazi ngumu ya nyama. Kisha akaja mwalimu wa dini wa mtaa wetu, akasema hayo ya mizimu ni upagani mtupu, kijana ana pepo. Akasali kwa sauti kubwa, na baada ya kusali akaonekana mtu aliyechoka sana, ikabidi achinjiwe mbuzi mwingine. Kila ugonjwa waliougundua wazee wetu ulikuwa na dawa yenye miguu minne. Sijaona hata mmoja aliyegundua ugonjwa unaotibiwa kwa mchicha.

Wakati wanaume wanajipangusa mafuta midomoni, Dominika alikuwa anamtazama mtoto. Hakuwa na jina la ugonjwa ule. Aliona tu. Siku moja alinijia nikiwa napepeta mbegu za ulezi, akasimama, hakuketi.

"Wifi," akasema, "Wenseslaus amempa mdogo wake kile kisu chake."

"Vizuri," nikasema. "Amekumbuka kuwa ana ndugu."

"Jana alimpa mwingine manati. Na shati lake la Pasaka amelikunja, amesema avae kaka yake. Anaaga, wifi. Mtoto wangu anataka kufa, na baba yake yuko kilabuni anawaeleza watu namna ya kulea."

Niliweka ungo chini. Nilisema tukamwambie Basili, na Dominika akanitazama kwa yale macho yake ya polepole, mpaka nikaona haya kwa kusema upumbavu.

Kesho yake alimwambia kijana, "Inuka, unisindikize." Hakumwambia wapi. Alimshika kiwiko, akamtoa nje akiwa hajanawa uso, akashuka naye kwenda kukata majani. Nilikuwa katika msafara huo. Ilikuwa aibu ambayo huku kwetu haijawahi kuonekana, mtoto wa kiume, tena anayesoma, katika mstari wa wanawake wa majani. Wenzetu walicheka tangu tulipoanza kushuka hadi tulipofika. Mmoja alimuuliza Dominika kama mtoto huyo ameshapata mchumba, na kama mahari italetwa na nani. Alimweka kijana chini ya mti akakata majani yake, akafunga, akapanda naye. Kesho yake akamchukua tena, na kesho yake tena. Kicheko cha wanawake kikaanza kupwaya, maana ni kazi kumcheka mtu asiyekasirika.

Hakumhubiria. Hilo ndilo nililoshindwa kulielewa, mimi niliye na neno kwa kila jambo. Hakumwambia ajikaze, hakumwambia amshukuru Mungu, hakumhesabia watoto wenye shida kuliko yeye. Alimwambia, "Kunywa maji." Alimwambia, "Hapa pana utelezi." Siku moja kijana aliinuka chini ya mti bila kuambiwa, akachukua mundu akaanza kukata. Siku ile alipanda na mzigo wake mwenyewe.

Ukiwa na mzigo wa majani kichwani huwezi kugeuka. Unaona visigino vya aliye mbele yako, basi. Labda ndiyo sababu alisema. Dominika alikuwa mbele, yeye katikati, mimi nyuma, na nilimsikia waziwazi.

"Mama, zamu ilikuwa yangu."

Nilitaka kupiga kelele kwamba asiseme hivyo, kwamba ni mapenzi ya Mungu, na mengineyo yote ambayo watu husema ili mtu anyamaze. Dominika hakubadili mwendo.

"Endelea," akasema. "Nakusikia."

Akaendelea. Alisema tangu penye kivuko mpaka penye migomba ya kwanza. Alisema kwamba kila akifumba macho anaona ukingo unateremka. Alisema kwamba chakula kikimfika mdomoni kina ladha ya udongo. Alisema anaona haya kuwa na miguu. Mama yake alikuwa anaitikia tu, "Ndiyo. Ndiyo, baba." Tulipofika nyumbani alitua mzigo, akakaa naye pale nje wakichambua maharage, na kijana akala ndizi. Ndizi moja, lakini aliila yote.

Hapo ndipo kaka yangu, ambaye muda wote huo hakuona mtoto anakufa, aliona kitu. Aliona kwamba anachekwa kilabuni. Mtu mmoja aliyekuwa amelewa mbege alimuuliza kama atamgawia Wenseslaus kihamba au atamwoza. Basili akarudi nyumbani na kofia yake imekaa upande.

"Kesho kutwa tunasafisha banio," alimwambia Dominika mbele yangu. "Atakwenda. Atasimama palepale aliposimama Sirili, apokee mawe. Mwanaume akianguka kwa jambo, hurudishwa kwenye jambo hilohilo."

"Baba Wenseslaus," Dominika akasema, "nakuomba. Siyo pale. Mpe kazi nyingine yoyote. Ameanza kula."

"Ameanza kula majani ya ng'ombe! Umeshamfanya mwanamke, sasa nitamfanya mimi mwanaume."

"Atakufa."

"Mambo ya mfongo siyo ya wanawake," akasema Basili, na akaona amemaliza.

Ni kweli kwamba banio ni mwiko kwa mwanamke. Ukikanyaga pale, wanasema, maji yatakimbia. Maji hayohayo tunayoyateka sisi, tukapika, tukafulia kofia za wakuu wa mfongo. Huku chini hayatuogopi hata kidogo, ila kule juu eti ni mabikira. Nimeishi nikiyasikia hayo na nilikuwa nayaheshimu, kama mtu anavyomheshimu mbwa mkali wa jirani.

Siku ilipofika walimchukua kijana asubuhi. Dominika alibaki akifagia uwanja, akafagia mahali palipokwisha kufagiwa. Kisha akauegemeza ufagio ukutani, akajifunga kanga kiunoni, akaanza kupanda. Nilimfuata huku nikimwita arudi, na nilipoona harudi nikaacha kumwita nikabaki kumfuata. Penye ukingo, mahali ambapo wanawake hukomea, nilisimama. Yeye hakusimama.

Kutoka pale niliwaona wote. Wanaume walikuwa wamejipanga juu, kijana yuko chini, maji yamemfika magotini, hajashika jiwe hata moja. Alikuwa anasogea nyuma kidogo kidogo kuelekea kule maji yanakotumbukia korongoni. Na hao watu wazima, wenye wake na ng'ombe, walikuwa wanampigia kelele.

"Simama kiume!" Basili alikuwa anasema. "Utatoka humo ukiwa mtu!"

"Sitatoka, baba," kijana akajibu. Hakupaza sauti. Kuna waliocheka, wakadhani ni ujeuri wa kitoto.

Dominika alipita katikati yao. Wa kwanza aliyemwona alitupa jembe kana kwamba limemuunguza. Mzee Efraimu akaanza kupiga yowe kwamba tumekwisha, maji yamekwisha, ukoo umekwisha. Mwingine alijifunika uso. Nimewaona wanaume hao wakisimulia namna walivyomfukuza chui. Siku ile walimkimbia mama mmoja mwembamba aliyevaa kanga iliyochakaa. Aliingia majini na kanga yake, akaenda taratibu mpaka alipo mwanawe, akasimama kati yake na korongo.

Hakumwambia atoke. Alimuuliza, "Sirili alikuwa amesimama hapa?"

Kijana alimtazama kama mtu aliyeamshwa. "Hapana, mama. Kule."

"Wapi? Nionyeshe."

Akamshika mkono akampeleka, mbali na korongo, hatua kwa hatua, mpaka chini ya ule ukingo uliokatika. "Hapa," akasema. "Alikuwa ameelekea huku." Na hapo akalia. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, kamasi zikimtoka, mbele ya mfongo mzima, na mama yake akamkumbatia palepale majini akalia naye. Mimi nililia kule juu. Kaka yangu alikuwa anatazama maji kama yanapungua.

Hayakupungua. Wazee waliyapima kwa macho kila siku wiki ile, na naamini walisikitika.

Hata hivyo kosa ni kosa. Jumapili baada ya misa walikusanyika uwanjani kwa Basili, kila mmoja na kigoda chake, na kaka yangu akamhukumu mke wake mwenyewe kwa sauti ya mahakama ya Mangi, mtawala wetu. Atoe mbuzi na mbege ya kusafisha banio. Hilo hakuna aliyelishangaa. Na juu ya hayo alete isale. Isale ni ule mmea wa majani marefu tunaoupanda kwenye mipaka ya vihamba. Aliyekosa huchuma jani lake, humpelekea aliyekosewa, na aliyepelekewa hana ruhusa ya kukataa kusamehe. Hapa kwetu jani hilo hupanda tu. Mtoto humpelekea baba, mke mume, mdogo mkubwa. Sijawahi kuliona likiteremka.

"Nimesikia," Dominika akasema. "Mbuzi yupo pale amefungwa. Na isale italetwa."

Wazee wakajiweka sawa kwenye vigoda. Basili alivua kofia, akaiweka gotini, akafungua viganja tayari kupokea. Tukamwona Wenseslaus anatokea mgombani, amenawa, amevaa lile shati lake la Pasaka, ameshika jani kwa mikono miwili. Mzee Efraimu alitikisa kichwa kwa kuridhika, maana kumtuma mtoto ni heshima zaidi.

Kijana akampita baba yake. Akampita mzee Efraimu na wengine wote, akaenda mpaka nyuma kabisa ambako wanawake walikuwa wamekaa chini, ambako Hilaria alikuwa amekaa peke yake. Akapiga magoti.

"Mama," akasema, "zamu ilikuwa yangu."

Hilaria hakulipokea mara moja. Nilidhani ni kweli yale yaliyosemwa, nikaogopa. Kisha nikaona kwamba hawezi kuinua mikono.

"Aliniuliza," Hilaria akasema. "Asubuhi ile alikuja akaniambia, mama, mguu wa Wense umevimba, niende mimi? Mimi ndiye niliyesema nenda." Alisema hivyo mbele ya watu wote. "Nimekaa ndani siku zote hizi nangoja uje, nikajua huji kwa sababu unajua kwamba ni mimi niliyemtuma."

Akalipokea jani. Akamvuta kijana kifuani pamoja na jani lenyewe, na Dominika akaja akaketi chini karibu yao, akaweka mkono mmoja kwa huyu na mmoja kwa yule. Tangu mazishi, uwanja wetu ulikuwa umejaa watu wenye kujua dawa, na hakuna aliyewahi kuvuka mpaka ule mmoja kuwakutanisha hawa wawili.

Kaka yangu bado viganja vilikuwa wazi. Alikohoa.

"Na jani la wazee," akasema, "litaletwa na nani?"

Dominika aliinua kichwa. Sijawahi kumsikia akimjibu mumewe mbele ya watu, na hata siku hiyo hakupaza sauti.

"Baba Wenseslaus," akasema, "mwanao huyu hapa. Isale iko pale mpakani. Kachume, umletee."

Basili aliinuka. Alitazama mpakani, ambako majani yalikuwa yamesimama mabichi, karibu kiasi ambacho angeweza kuyafikia kabla mtu hajamaliza kikombe. Alimtazama mtoto wake, aliyekuwa bado mikononi mwa wanawake wawili. Kisha akawatazama wazee wenzake, akavaa kofia yake, akaketi.